Kachori Katika Safu ya Mbele

Amur alikuwa na karatasi mfukoni mwa dishidasha, kanzu yake ya Ijumaa, tangu asubuhi, na karatasi ile ilikuwa na majina kumi. Mpira wa magongo huchezwa na watu kumi na mmoja, hilo halina mjadala, na yeye ndiye kocha, analipwa mshahara kwa kuijua hesabu hiyo. Jina la kumi na moja alikuwa nalo kichwani. Mkono ndio uliokataa kuliandika.

Usimcheke. Kesho yake, Jumamosi, klabu yake ya Murjan ilikuwa na fainali ya ligi, ya kwanza kwake tangu apewe timu. Siku ya Jumanne beki wa kati alivunjika kidole mazoezini, na nafasi yake pale nyuma ikabaki wazi. Saa kumi na moja jioni ile ya Ijumaa wachezaji wangekusanyika uwanjani, na desturi ya klabu ni karatasi ya majina kubandikwa ukutani, kila mtu ajisomee mwenyewe kapangwa wapi. Sasa ilikuwa saa nane kasorobo, watu wametoka msikitini, na Amur anaendesha gari kwenda mtaa wa Qurum kula kwa bibi yake huku kila kwenye taa nyekundu anaipapasa karatasi kama mtu anayehakikisha jino bovu bado lipo.

Jina lenyewe lilikuwa la Wael. Wael ni mtoto wa mjomba wake, lakini undugu wao umezidi hapo. Amur alipozaliwa, mama yake alishikwa na homa, wiki tatu nzima hakuweza kunyonyesha, na mke wa mjomba, aliyekuwa amejifungua Wael mwezi mmoja nyuma, akawachukua wote wawili, huyu huku na huyu kule. Kwa hiyo ni ndugu wa ziwa moja. Walikwenda skuli pamoja, walishika magongo siku moja, na walipigwa kwa kuvunja kioo kimoja.

Miaka kumi na minne Wael amekuwa mshambuliaji wa kati wa Murjan. Mwaka jana viongozi wa klabu walipotaka kuleta kocha kutoka ng'ambo, ni yeye aliyekwenda ofisini kwao, akakaa kwenye kiti, akakataa kunyanyuka mpaka wamsikilize: timu mpeni Amur. Wakampa. Sasa Amur huyohuyo ndiye anayetaka kumtoa mbele. Shukrani ya punda ni mateke, wazee walisema, na Amur alijiona ana masikio marefu kabisa.

Kisa ni miguu. Tangu Ramadhani Amur ameliona. Wael anauona mpira kabla ya mtu yeyote uwanjani, anajua utapita wapi na utatua kwenye gongo la nani, ila akifika anamkuta mlinzi keshafika. Mbele huko, nusu sekunde ni bao. Lakini nyuma, mahali ambapo mpira ndio unaomfuata mtu, macho yale yangekuwa dhahabu tupu. Amur alilijua hilo miezi miwili na zaidi, na hakumwambia mtu. Kufungwa fainali hakukumtisha. Timu hufungwa, watu hulala, kukakucha. Alichokiogopa ni Wael kuisoma karatasi ukutani, ageuke, apande gari yake, na asimwite tena "ndugu yangu" mpaka mmoja wao azikwe.

Haya, na bibi yao sasa. Bi Mahbuba ana miaka sabini na minane, na alicheza magongo skuli, Unguja, kabla hajavuka bahari kuja huku, winga wa kushoto, nywele kazisuka misuko miwili. Ukimuuliza atakwambia aliwahi kufunga mabao manne kwa mchana mmoja. Usipomuuliza atakwambia vilevile.

Kwenye nyumba yake ipo sheria moja, na sheria hiyo ina asili yake. Zamani kidogo, Ijumaa moja, wajukuu walikaa kwenye sufra, kitambaa cha chakula kinachotandikwa sakafuni, wanamchambua kipa fulani aliyefungwa manne. Walisema anadaka kafumba macho. Walisema akiuona mpira unakuja anautafuta mlango. Kumbe mama yake kipa yumo chumba cha pili, amekuja kumwamkia Bi Mahbuba, na kila neno limemfikia lilivyo. Mama wa watu akatoka, akaaga kwa adabu, na asionekane tena mpaka zilipopita Idi mbili. Bi Mahbuba aliona haya ya kutaka kupasuka. Tangu siku ile akapiga marufuku: mtu asiyekuwepo hatajwi kwenye sufra yake. Kusengenya, alisema, ni kula nyama ya nduguyo aliyekufa, na kwake yeye italiwa nyama ya mbuzi.

Sawa. Lakini utawaweka vipi watu wa ukoo ule pamoja, Ijumaa, siku moja kabla ya mechi, wasizungumze nani acheze wapi? Wajukuu wakatafuta mlango wa uani. Wakaanza kuipanga timu kwa vitafunio. Hapo hatajwi mtu, hutajwa sambusa, na kuuliza sambusa ni nani ni mwiko. Bi Mahbuba akaridhika, tena akawa yeye ndiye bingwa wa mchezo ule, ndipo mtu unapojiuliza kama alichokichukia hasa ni kusengenya au kusikiwa.

Siku hiyo wengine walikuwa wamekwishakula na kwenda kujinyoosha. Wael hajafika, kila Ijumaa huenda mji wa pwani wa Qurayyat kwa wakwe zake na hurudi na samaki wa bibi. Pilau ilikwisha kuondolewa, na kwenye sufra walibaki watu watatu: Amur, Bi Mahbuba na Nakabugo. Huyu Nakabugo ni binti wa Kiganda anayefanya kazi pale nyumbani mwaka wa tatu sasa. Ijumaa Bi Mahbuba hataki kumsikia jikoni. Humwambia akae ale, na hasa siku za mechi, kwa sababu Nakabugo alicheza beki miaka minne Kampala, na mechi zote za Murjan wawili hao huzitazama pamoja kwenye televisheni, huku wanazozana mpaka majirani wanadhani kuna ugomvi.

Bi Mahbuba akaipanga timu mwenyewe. Golini akaweka kichupa cha pilipili. Nyuma vitumbua vitatu, na cha kati kilikuwa kimevunjika ukingo, akakitoa akakila, nafasi ikabaki wazi. Katikati bajia nne. Mbele, kushoto katlesi, kulia sambusa, na katikati yao, mahali pa heshima, akaiweka kachori moja ya duara iliyojaa vizuri, akaibonyeza kidogo kama anayemkalisha mgeni. Pembeni zikapangwa tende tatu, ndilo kundi la pili la washambuliaji, maana siku hizi wa mbele hupokezana kila baada ya dakika chache kama walinzi wa zamu.

Amur akajisogeza karibu. Akainyanyua kachori, akaipeleka nyuma pale penye pengo. Akaisogeza sambusa katikati na kuleta tende moja kulia.

Bi Mahbuba akairudisha kachori mbele, sambusa akairudisha kulia na tende pembeni. Kisha, kwa kuwa keshapata nafasi, akazisukuma na bajia mbili mbele. Zama zetu, alisema, washambuliaji walikuwa watano, na watu walikuwa wakifunga. Amur akazirudisha bajia, akamweleza, kwa mara ya mia, kuwa ukicheza na watano mbele siku hizi utafungwa kabla hujanywa maji. Bibi akasema basi wanywe maji kwanza.

Nakabugo alikuwa akitazama tu, mkono shavuni. Hatimaye akasema kwa upole kwamba yeye tatizo halioni kwenye idadi. Anaona sambusa na katlesi zote mbili ni za moto, zimetoka kwenye mafuta sasa hivi, zikichezeana zenyewe zinapaa. Lakini kila zikipaa inabidi zisimame ziisubiri kachori, na zikisubiri zinapoa. Halafu timu nzima inapoa. Akauliza kama Kocha hakuliona hilo mechi ya juzi, dakika za mwisho. Kocha aliliona. Kocha alikuwa hapati usingizi kwa sababu yake.

"Mama, mimi nilikuwa beki," Nakabugo akamgeukia Bi Mahbuba. "Beki hahitaji kukimbia sana, anahitaji kuona. Na hii kachori yako inaona kuliko wote. Yaani pale nyuma hakuna mtu atapita. Khalas."

"Kachori haina macho," akasema Bi Mahbuba.

Lakini sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. Alianza kukikunja na kukikunjua kitambaa cha mkononi, na alipozungumza tena hakuzungumza kama mtu aliyemo mchezoni. Alisema kachori ile ameikaanga yeye mwenyewe, anaijua. Imekaa mbele siku zote. Kila mtu akija nyumbani huiulizia iliyo mbele, hakuna anayeulizia iliyo nyuma. "Ukiipeleka huko, Amur," akasema, "itakuja kweli kula na sisi Ijumaa ijayo?"

Hilo ndilo swali Amur alilokuja nalo kutoka nyumbani kwake. Aliipeleka tu kachori nyuma mara ya pili, polepole, akaisogeza tena sambusa katikati na tende kulia, na akaondoa mkono.

Hapo ndipo ilipolia honi ya Wael getini. Bi Mahbuba, kwa mkono wenye wepesi wa winga wa kushoto, akainyakua kachori kwenye safu ya nyuma akaitupa pembeni, karibu na tende. Pengo likabaki pengo. Sambusa ikabaki pale katikati ya mbele, imesimama peke yake.

Wael aliingia na sanduku la barafu, ndani yake jodari mzima, na harufu ya bahari ikaingia naye. Ni mtu mkubwa, mwenye kicheko kinachotangulia viatu vyake. Akashika mkono wa bibi yake akaubusu, akampa Nakabugo samaki na salamu za wakwe, akamgonga Amur bega, akakaa. Njaa inamuuma. Lakini jicho likamwangukia kwenye sufra, na mkono uliokuwa ukielekea kwenye katlesi ukasita hewani, maana katlesi ya mbele haigusiki.

"Ahaa," akasema, "mmeshapanga." Akaitazama safu ya mbele, akaiona sambusa pale katikati, mahali alipokuwa akisimama yeye miaka kumi na minne, na uso ukamchangamka. Akasema leo wamempa umbo zuri, ana pembe tatu na kila pembe ina bao.

Hakuna aliyemrekebisha. Nakabugo alikumbuka ghafla kuwa samaki hakai nje, akakimbilia jikoni na sanduku, na hakurudi haraka. Bi Mahbuba akaona kitu cha maana sana kwenye ukucha wake. Amur akafungua kinywa, kisha akatia tende ndani yake.

"Na hii kachori?" akauliza Wael. "Mbona imekaa nje kama mtu hakualikwa?"

Amur akatafuna muda mrefu kuliko tende inavyohitaji. Akasema kuna mjadala. Wengine wanasema ikae mbele kama ilivyozoea, wengine wanasema nyuma.

Wael akaitazama kachori, akaanza kutabasamu na kutikisa kichwa, na Amur akajua, moja kwa moja, anamdhania nani. Anamdhania Aflah. Aflah ndiye winga wao wa siku nyingi, anamzidi Wael mwaka mmoja, na tangu majira ya baridi alikuwa akienda kwa mtaalamu wa viungo na goti lake. Nani mwingine awe kachori? Amur angeweza kumzuia palepale. Neno moja lilitosha. Lakini mtu aliyeogopa miezi miwili hajui kuacha kuogopa kwa dakika moja.

"Hakuna mjadala hapa," akasema Wael, akaishika kachori na kuigeuza chini ya taa kama sonara. "Huyu mbele amekwisha. Nnampenda, Wallahi nnampenda, lakini amekwisha. Anafika mpira umeshaondoka, halafu anageuka anamtazama refa kana kwamba refa ndiye aliyemchelewesha. Vijana wanamsubiri, hawasemi kwa heshima tu. Lakini akili yake, yakhe, akili yake bado inakata. Mtie hapa." Akaiweka kachori nyuma, katikati ya vitumbua viwili, kwenye pengo. "Mtie hapa uone kama kuna mtu atapita kesho."

Akajipangusa vidole, ameridhika na kazi yake. Kisha akakumbuka kitu, na safari hii hakucheka.

"Ila usimbandikie ukutani. Mtu mzima hasomi habari yake kwenye karatasi mbele ya watoto. Mwambie kwa kinywa chako, uso kwa uso. Akikasirika, akasirike. Ukimficha ndio utakuwa umemdharau."

Bi Mahbuba aliacha ukucha wake, akamtazama Amur. Hakumwonyesha ishara wala hakumsaidia. Sheria yake ilikuwa ya mtu asiyekuwepo, na mtu huyu yupo, amekaa, ana magamba ya samaki kwenye mkono wa kanzu.

"Wael," akasema Amur. "Ile sambusa si wewe."

Wael akaitazama sambusa. Akaitazama katlesi. Macho yakateremka sufra yote taratibu, bajia kwa bajia, mpaka yakafika nyuma kwenye kitu alichokiweka mwenyewe kwa mkono wake dakika moja iliyopita.

"Mie ndiyo hii?"

"Ndiyo wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Ukanyamaza."

"Nliogopa," akasema Amur, na alipokwisha kulitoa hilo yaliyobaki yakatoka yenyewe, bila mpango. Alisema hakuogopa fainali wala viongozi. Aliogopa Wael ataondoka. Alisema timu anaweza kupata nyingine, au asipate, lakini ndugu aliyenyonya naye hana mwingine wa akiba. Macho yalikuwa yanamchoma na hakuyaficha.

Wael akanyanyuka. Akatoka kwenda kunawa mikono, na wao wakasikia maji ya bomba yakimwagika, yakimwagika, muda ambao ungetosha kumwosha jodari yule na ukoo wake wote. Kisha bomba likafungwa. Amur alikuwa na hakika kitakachofuata ni mlango wa mbele kufungwa. Bi Mahbuba akasema, kwa hasira ya mtu anayekaribia kulia, kwamba amezaa wanaume wanaoweza kupigana magongo na taifa zima lakini hawawezi kuambizana neno.

Wael aliporudi alikuwa ameshika simu, na amekasirika kwelikweli.

"Unajua ulichonifanya?" akamwambia Amur. "Nyinyi nyote hapa mmesema kachori, mmesalimika. Mie peke yangu ndiye niliyemsema mtu. Nlikuwa nnamsema Aflah, kila neno. Anafika kachelewa, anamtazama refa, amekwisha. Nimeila nyama ya Aflah, kwenye sufra ya Bibi, siku ya Ijumaa."

Kwa watu wale hilo si jambo la kulalia. Uliyemsengenya unamwomba radhi mwenyewe, ukiwa hai na yeye akiwa hai, huachi deni hilo likatangulia mbele ya haki. Wael akabonyeza namba, akaiweka simu katikati ya sufra, karibu na bajia, sauti wazi ili mashahidi wasikie.

Aflah akaitika kwa sauti ya mtu aliyetolewa usingizini. Wael akamwambia: nisamehe, nimekusema vibaya. Aflah akauliza amesemwa nini hasa, kwa sababu radhi haitolewi gizani. Wael akafumba macho, akamwambia lote, bila kupunguza, la miguu na la refa na la vijana wanaosubiri. Na akamalizia na lililo zito zaidi, kwamba yote hayo aliyadhania ni ya Aflah, kumbe ni yake yeye.

Kisha Aflah akaanza kucheka, akacheka mpaka simu ikatetemeka juu ya sufra.

"Nikusamehe nini, ndugu yangu? Maneno hayohayo nimeyasema mie juu yako Jumatatu, ndani ya gari, mbele ya wale washambuliaji vijana, Loai na Osama. Na lile la refa pia. Basi na wewe nisamehe mie."

"Wao walisemaje?" akauliza Wael.

"Walisema, nani atamwambia? Tukakaa kimya mpaka tukafika." Aflah akakohoa kidogo. "Kocha yupo hapo?"

"Yupo."

"Kakwambia mwenyewe?"

"Kaniambia."

"Alhamdulillahi," akasema Aflah. "Tumepata timu."

Simu ilipozimika, Wael akaitia mfukoni. Akasema nyani haoni kundule, akalisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma jina lake kwenye bahasha. Kisha akanyoosha kiganja kwa Amur. Amur hakuelewa. Wael akamwambia atoe hiyo karatasi anayoipapasa tangu aingie, anadhani watu vipofu? Amur akaitoa, imekunjamana na imelowa jasho. Wael akasema: andika, nikuone ukiandika. Na Amur akaandika, mbele ya macho yake, kwenye nafasi ya beki wa kati, jina lililomkataa mkononi tangu asubuhi. Haikuchukua hata sekunde tano.

Wael akaichukua karatasi, akaisoma, uso ukamkunjamana upya. Amur akarudiwa na hofu. Lakini safari hii kisa kilikuwa kingine.

"Ndiyo umemweka Osama katikati mbele? Una wazimu?"

"Asiyekuwepo hatajwi," akasema Bi Mahbuba.

"Sambusa, Bibi. Sambusa." Wael akainama juu ya sufra, akakunja mikono ya kanzu. Akaeleza kuwa sambusa ile ina mbio, lakini mbio zake ni za kutokea nje kuingia ndani. Ukiisimamisha katikati umeifunga kamba. Irudi kulia. Katlesi ndiyo ikae katikati, kwa sababu inajua kuulinda mpira ukiwa na watu mgongoni. Na tende ile kongwe, yenye goti bovu, isisubiri kundi la pili. Ianze kushoto dakika tano za mwanzo, wakati goti bado lina joto, kisha itoke ipumzike. Nyuma huko, akasema, yupo mtu atakayewapigia mpira mrefu mpaka kwenye magongo yao, maana anajua kila mmoja wao anataka mpira umfikie wapi. Miaka kumi na minne alikuwa akiuomba yeye.

Amur akaitazama sufra, akaitazama tena. Ilikuwa safu bora kuliko yake, na hakuona aibu kukiri. Nakabugo, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni bila kuonekana, akasema kuwa hiyo ndiyo timu, hiyo sasa hata yeye angeichezea. Mkono wa Bi Mahbuba ulitambaa mpaka kwenye bajia mbili na kuzisukuma mbele kidogo, ukubwa wa kucha tu, akadhani hawakumwona.

Saa ilikuwa imekwishapita tisa. Amur akasema kabla ya kubandika karatasi atamwita kila mmoja pembeni amwambie mwenyewe nafasi yake, hata wale waliobaki benchi, na hasa wale. Wael akaitikia kwa kichwa. Bado hakuwa amemtazama Amur sawasawa, na Amur aliliona hilo, na alikuwa tayari kulisubiri kwa siku zozote zitakazotakiwa.

Hakusubiri sana. Wael akanyoosha mkono mpaka safu ya nyuma, akaitoa kachori kwenye nafasi yake, akaikata vipande viwili kwa vidole. Viazi ndani bado vilikuwa na moto kidogo. Kipande kimoja akakitia kinywani. Cha pili akamnyooshea Amur.

"Kula, ndugu yangu," akasema. "Mwenyewe yupo, na ameruhusu."